Nta ya Waridi

Aliyeumwa ni Somoe, si mimi.
Naliweka wazi mapema, maana hapa Newala
ukionekana kwenye benchi la meno saa mbili,
saa nne sokoni wameshakuhesabia mapengo.

Ana miaka tisa. Darasani wanamwita Sungura.
Akilala midomo haikutani,
anaamka ulimi mkavu kama ganda la korosho,
na ufizi wa mbele, juu, umevimba,
unaacha damu kwenye mswaki.
Nikamgombeza: hupigi mswaki vizuri wewe.
Nikamgombeza huku nikimpimia maji kikombe kimoja,
kwa sababu ndoo hupanda mlima huu kwa shingo ya mtu.

Tabibu, binti wa Masasi, Fausta Nnunduma,
hakuuliza habari za mswaki.
"Uma kwa magego. Haya, sasa nioneshe meno."
Akaingiza rula ndogo, akasoma milimita
kama fundi cherehani anayepima kola.
"Tazama, mama. Ya juu kuyalalia ya chini kidogo si kosa,
bati hulalia bati ndipo mvua isiingie.
Haya yamefunika yote, tena yametoka mbele.
Mdomo haufungi, upepo unapita usiku kucha,
ufizi unakauka, unaumwa.
Na siku akijikwaa uwanjani,
meno ndiyo yatakayotangulia kufika chini."

Alinyonya kidole? Alinyonya. Hadi miaka sita.
Nilipaka pilipili, nikapaka shubiri,
akahamia kidole cha mkono wa pili.

"Na kwenu, yupo mwingine mwenye meno haya?"

Pembe ya kanga ilikuwa imeshanifika mdomoni.
Sikuituma. Mkono unaijua njia,
miaka thelathini unapanda wenyewe nikitaka kucheka.
Kwenye picha ya harusi nimebana midomo
kama mtu aliyeficha sindano.
Ming'oko siikati kwa meno ya mbele,
naipeleka pembeni, natafuna kama mbuzi.
Na kile kidonda nyuma ya meno ya juu,
pale ulimi unapokwenda kupumzika,
nilidhani kila binadamu anacho.
Nililaumu pilipili. Nililaumu mafuta ya maganda, msimu wa kubangua.
Nilimlaumu marehemu mume wangu
na chai yake ya kuunguza.

Akalainisha kipande cha nta kwenye maji ya moto,
nta ya rangi ya waridi, nzuri, ya kushonea mtoto gauni.
"Uma, mama."
Nikauma.

Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.
Vitundu vinne.
Meno yangu ya chini yametoboa nta,
yametokea upande wa pili.
Kwa hiyo kila tonge, kila gunia nililobeba nimekaza taya,
kila neno nililolimeza mbele ya mawifi,
nilikuwa najiuma kaakaa,
mimi, kwa meno yangu.

Wanasema meno ya mbwa hayaumani.
Sawa. Ya mbwa.

Somoe alicheka hadi akashika mguu wa kiti.
Mdomo wazi, ufizi mwekundu nje, bila kanga, bila mkono,
na sikumwambia funga.

"Taya lake bado linakua," Fausta akasema, "tutaliongoza.
Kifaa kinatengenezwa Mtwara mjini. Si bure, na si mwezi mmoja.
Lako limeshakomaa, mama, ila kidonda tutakikinga:
kipo cha kuvaa usiku."
Akataja bei. Nikaigeuza kilo,
kilo nikazigeuza magunia,
mnada wa kwanza, wa pili,
kama bei haitaanguka, kama ukungu hautaua maua.
Nikasema tuanze na mtoto.
Akasema kaakaa nalo halisubiri mnada.

Nta aliniachia. Nimeifunga kwenye pindo la kanga.

Sokoni, Mama Chinguile, juu ya fungu lake la dagaa:
"Enhe! Wamekung'oa mangapi?"

Nikamsogelea, nikafungua mdomo.
"Hesabu."